Kamera Huchaguliwa Getini, Si Luthuli

Nilizungumza haya, ya jinsi ya kuchagua kamera ya usalama ya nyumbani, Jumamosi alasiri kwenye mkutano wa wakazi wa korti yetu, yaani mtaa wetu mdogo wa nyumba, hapa Eastlands, Nairobi, katika ukumbi wa kanisa. Wengine mlikuwa kazini, wengine mlikuwa mazishini ushago, mkaomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana mliosimama huko nyuma karibu na mlango, hamjambo?

Hamjambo tena? Haya, sasa nimesikia.

Mwenyekiti amenipa nusu saa, na najua baada yangu kuna ajenda ya maji taka, kwa hivyo anayesubiriwa hapa si mimi. Mimi ni fundi wa kamera. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na minne. Leo siuzi kitu. Nimekuja na tepu ya kupimia tu, hii hapa.

Wiki iliyopita jirani yetu mmoja alinipigia simu akiwa Luthuli Avenue, kule kwenye maduka ya elektroniki mjini. Mnaijua Luthuli: spika za maduka kumi zinapiga nyimbo kumi kwa wakati mmoja. Anapaza sauti: “Fundi, kuna hii ya megapikseli nane, na kuna hii inazunguka yenyewe. Nichukue ipi?” Nikamuuliza, kutoka nguzo ya nyumba yako hadi getini ni mita ngapi? Kimya. Geti lako linatazama jua linapochomoza au linapotua? Kimya. Usiku, taa ya nje huwa inawaka? Akakasirika: “Fundi, mimi nimekuuliza kamera, wewe unaniuliza nyumba!”

Ndugu zangu, ndiyo. Nakuuliza nyumba. Kamera huchaguliwa getini. Luthuli unaenda kuichukua tu.

Nianze na swali. Kamera ya mlango wa mbele ni ya kazi gani? Nasikia mtu anasema, ya kushika wezi. Hapana. Kamera haijawahi kumshika mtu mkono. Kamera ya mlangoni ina swali moja la kujibu: ni nani? Anayebisha saa tatu usiku, ni nani? Aliyeacha kifurushi, ni nani? Aliyeondoka na mtungi, ni nani? Kama haikujibu hilo, hata kama ina taa za rangi saba na inaongea Kiingereza, umenunua pambo.

Na sasa niungame. Mwaka wangu wa pili kazini, mama mmoja aliniita nimwekee kamera nyumbani. Nikapanda ngazi mpaka chini ya paa, mita nne kutoka ardhini, nikaifunga pale. Nilijipenda siku hiyo! Ilikuwa inaona geti, inaona ua, inaona tangi la maji na nguo kwenye kamba, mpaka mabati ya jirani. Miezi miwili haikuisha, mtu akaingia saa nane mchana, akachukua mtungi wa gesi wa kilo 13, akautia begani, akaenda zake. Tukakaa kuitazama ile video. Picha safi ajabu. Tuliona kofia yake. Tuliona mishono ya kofia. Tuliona kile kitufe kidogo kilicho juu kabisa ya kofia. Na alipogeuka kutoka, mtungi wenyewe ukamfunika shavu. Yule mama akanitazama, akaniuliza polepole: “Sasa fundi, kituoni nipeleke kofia?”

Mnacheka. Mimi sikucheka. Nilirudisha pesa za ufundi.

Kosa langu halikuwa kamera. Ilikuwa kamera nzuri. Kosa lilikuwa mahali. Ukiweka kamera mita nne juu, na mtu amesimama mita mbili mbele yake, inamtazama kwa pembe ya karibu digrii 50 kwenda chini. Utapata utosi. Ishushe iwe mita mbili na robo hivi, pembe inapungua hadi digrii 15. Hapo unapata macho, unapata pua, unapata kovu kama lipo.

Mzee hapa mbele anatikisa kichwa. Najua unachosema, mzee: nikiishusha si wataing'oa? Wanaweza. Lakini ikiwa picha inaenda kwenye rekoda iliyofichwa ndani ya nyumba, anayeing'oa atakuwa amekupa picha ya uso wake kwa ukaribu ambao hata studio hawakupi. Kama una uwezo wa mbili, weka moja juu itazame ua mzima, na moja chini itazame uso. Kama una uwezo wa moja tu, chagua uso.

Na tazameni jinsi watu wanavyoingia kwenye mageti yetu. Yale mageti ya chuma yenye kale kamlango kadogo. Mtu anainua mguu kuruka kizingiti, anainamisha kichwa asigonge chuma. Sivyo? Kila mtu huingia kwako akiwa ameinama, hata pasta. Kwa hiyo ukielekeza kamera pale mlangoni hasa, utakusanya mapara ya mtaa mzima. Yeye huinua uso akishaingia, kwenye hatua ya pili, anapotafuta mlango wa nyumba au mbwa. Elekeza kamera kwenye ile hatua ya pili.

Haya, sasa hesabu kidogo. Msilale.

Watu wananiambia, fundi, nataka inayoona pana. Kwa nini pana? Picha ya megapikseli 2 ina vitone, yaani pikseli, 1,920 kutoka kushoto hadi kulia. Havipungui wala haviongezeki. Ukivitandaza kwenye uwanja mzima, kila uso unapata vichache. Kuna kiwango cha kimataifa cha kamera hizi, kinaitwa IEC 62676-4. Toleo lake la 2014 lilisema ili umtambue mtu usiyemjua, unahitaji vitone 250 kwa kila mita moja ya upana. Kwa mtu unayemjua tayari, nusu yake, 125, inatosha. Uso wa mtu ni sentimita 16 hivi, kwa hiyo tunaongea juu ya vitone 40 kwa uso. Arobaini tu! Na bado watu wanavikosa.

Gawanya 1,920 kwa 250. Unapata mita saba na nusu na ushee. Maana yake pale mgeni wako anaposimama, picha isiwe pana kuliko hapo. Lenzi ya milimita 2.8, hii inayopendwa kwa sababu inaona pana, hufika upana huo kwenye mita tatu tu kutoka kwenye kamera. Lenzi ya milimita 4, mita nne na nusu hivi. Lenzi ya milimita 6, karibu mita nane. Kwa hiyo kama kutoka kamera hadi ile hatua ya pili ni mita mbili, chukua 2.8, uko sawa. Kama ni mita saba, 2.8 itakuonyesha mtu aliyevaa shati la buluu. Ni nani? Mtu wa shati la buluu.

Na ile ya megapikseli nane? Ina vitone 3,840, mara mbili kwa upana, kwa hiyo inafika mara mbili ya umbali. Ni kweli. Lakini vitone vidogo vilivyobanana hupokea mwanga kidogo kila kimoja, na usiku utaona tofauti. Mimi mara nyingi nachukua megapikseli nne yenye lenzi sahihi, naacha nane dukani. Wauzaji hawanipendi kwa hilo.

Tumeelewana hapo? Mama wa kitambaa cha kijani anaandika. Asante mama.

Twende kwenye mwanga. Nairobi iko digrii moja na kidogo tu kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua letu linachomoza saa kumi na mbili na nusu asubuhi hivi, halisogei sana. Kama kamera yako inatazama mashariki, kila asubuhi wakati watoto wanaenda shule na kila mtu anapita getini, jua linaingia moja kwa moja kwenye lenzi, na kila anayeingia anakuwa kivuli cheusi chenye masikio. Kuna kamera zinazohimili hali hiyo. Tafuta kwenye boksi herufi WDR na namba 120 dB. Ukikuta imeandikwa DWDR, ile D ya mbele inamaanisha ni programu inayojaribu kurekebisha picha iliyokwisha haribika. Herufi moja, kamera mbili tofauti.

Usiku ni habari nyingine. Kamera nyingi hujimulikia kwa infraredi, mwanga ambao jicho letu halioni. Ukiifunga karibu na ukuta uliopakwa chokaa jana, ule mwanga hugonga ukuta, hurudi, na picha nzima inakuwa maziwa. Halafu kuna wadudu. Wadudu hukusanyika pale, buibui hufuata wadudu, na buibui akijenga mbele ya lenzi, usiku uzi mmoja unaonekana kama kamba ya meli. Mteja wangu mmoja alikuwa akipata arifa usiku kucha kwenye simu: mtu ameonekana, mtu ameonekana. Ni buibui anabembea. Mwishowe akazima arifa zote ili alale. Mnajua aliibiwa usiku gani? Siku ya tatu. Ufagio mdogo, mara moja kwa wiki, ndiyo dawa. Na kama unaweza, acha balbu ya kawaida ikiwaka mlangoni. Inakupa rangi ya nguo, na inampa mgeni mwanga wa kuona kengele.

Mvua sitazungumzia sana. Iwe na alama ya kuzuia maji na vumbi, IP66 au IP67, Aprili itapita salama.

Stima! Nani hapa hajakaa gizani mwezi huu? Hakuna mkono. Basi sikilizeni hii. Nyumba moja, si hapa, ilikuwa na kamera ya waifai nzuri kabisa. Kisanduku cha mita kiko nje ukutani, kama vyetu. Mtu akaja usiku, akafungua kisanduku, akashusha swichi kuu. Nyumba ikalala, ruta ikalala, kamera ikalala nayo. Mwenye nyumba alinionyesha kitu cha mwisho kilichorekodiwa: mkono. Mkono tu, wenye saa, unaingia kwenye picha kutoka upande wa kulia, halafu hakuna kitu.

Kwa hiyo usinunue kamera kabla hujaniambia stima zikipotea itakula nini. Kamera na ruta na rekoda hazili stima nyingi. Betri ya akiba ndogo inazibeba kwa saa kadhaa. Mimi napenda waya wa mtandao unaopitisha stima na picha pamoja, ule tunaouita PoE. Unaenda hadi mita 100, na betri moja ndani ya nyumba inalisha kamera zote. Ila huo waya ukaguliwe. Chukua kisu, kwangua ncha. Shaba ni nyekundu mpaka ndani kabisa. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na itakusumbua. Fanya hivyo mbele ya muuzaji, usione haya.

Zile za sola na laini ya simu? Nzuri kwa ploti isiyo na stima. Lakini Julai yetu mnaijua, wiki nzima hatuoni jua, betri inaanza kulia. Na zile za betri hulala mpaka zihisi joto la mwili wa mtu, ndipo ziamke. Wakati inapiga miayo, bodaboda amekwisha geuka, na unachorekodi ni mgongo.

Na picha zinakaa siku ngapi? Kamera moja ikirekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula GB 21 na nusu kwa siku. Kadi ya GB 128 haimalizi siku sita, halafu inaanza kufuta za zamani. Desemba ukienda ushago wiki mbili, ukaibiwa siku ya pili, utarudi ukute kamera yako imerekodi kwa uaminifu mkubwa siku sita za geti lililovunjika.

Sasa niwape kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mzee mmoja aliibiwa saa tisa usiku. Video anayo, uso unaonekana, kila kitu. Akaenda kituoni, akaandikisha taarifa: saa tisa na dakika kumi usiku. Akapewa nambari ya OB, lile daftari la matukio la polisi. Afisa akafungua video. Juu ya picha imeandikwa 08:10. Saa mbili na dakika kumi asubuhi! Na nje ni giza totoro, hata mbalamwezi hakuna. Afisa akamuuliza, “Mzee, hii ni asubuhi ya wapi?”

Ni asubuhi ya Uchina, ndugu zangu. Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa na saa za Beijing, ambazo ziko mbele yetu kwa saa tano kamili. Hakuna aliyeigusa. Mzee anasema saa tisa, kamera inasema saa mbili, na hata ingesema sawasawa ingeandika 03:10, mzee angeiita saa tisa, na kijana wa kuandika angeiita saa tatu. Nyakati mbili tofauti kwa wizi mmoja! Wakili akiipata hiyo atastarehe siku nzima. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hata ya chai ya fundi, weka saa za Nairobi.

Na mkikamata kitu, msikimbilie kukirusha WhatsApp. Kikishapita vikundi vinne kimebanwa, kimekatwa, hakuna ajuaye kilitoka wapi. Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uje na cheti kinachoeleza kifaa kilichoutoa na jinsi ulivyotolewa, kikiwa na sahihi ya mtu aliyehusika na kifaa hicho. Acha ile ya asili kwenye rekoda. Chomoa diski ukilazimika.

La mwisho, na hili ni la majirani. Nilipelekwa kwenye ghorofa moja ambako milango inatazamana, korido ni hatua tatu. Mpangaji mmoja alifunga kamera, ikawa inaona mpaka ndani kwa mwenzake kila mlango unapofunguliwa. Inaona dada akianua nguo. Inaona nani amelala kwa nani. Waliacha kusalimiana mwaka mzima. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeongezea. Ukirekodi ua wako kwa mambo ya nyumbani kwako, sheria inakuachia nafasi. Ukianza kurekodi mlango wa mwenzako, usiitegemee hiyo nafasi. Programu za kamera nyingi zina sehemu ya kuziba kipande cha picha kwa weusi. Niliziba ule mlango kwa dakika mbili, mwenzake akaja akaangalia kwenye simu, akaridhika. Mwaka mzima wa kununiana, dakika mbili.

Mwenyekiti, hili ni lako: korti ikinunua kamera za geti kuu kwa pesa za wote, hiyo si nyumba ya mtu tena. Kanuni za usajili za 2021 zinawataja wanaoendesha kamera za usalama. Muulizeni Kamishna wa Ulinzi wa Data kabla, si baada.

Na badilisheni neno la siri la kiwandani. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai viliteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu tu yale maneno ya siri ya kiwandani, vikazitumia kuangusha tovuti kubwa. Kama lako bado ni “admin” na 12345, nyanyua mkono. Hamtanyanyua, lakini nawaona.

Nimemaliza. Kuna maswali?

Aliuliza dada mmoja anayepanga ghorofa ya tatu: hana geti, afanyeje? Nikamwambia wewe ndiye mwenye bahati, mgeni wako anasimama hatua moja kutoka mlangoni. Chukua kengele yenye kamera, uifunge usawa wa kifua, na umwombe landilodi ruhusa kabla ya kutoboa ukuta wake. Akikataa, kuna zinazoingia kwenye lile tundu la kuchungulia.

Kisha yule mzee aliyekuwa akitikisa kichwa akasimama, akauliza kama hiyo tepu ni ya kuonyesha tu au inapima. Kwake ni nyumba ya nne kutoka kanisani. Mkutano ulipoingia kwenye maji taka tukatoka wawili, tukapima kutoka nguzo ya varanda hadi hatua ya pili ndani ya geti. Mita sita na robo. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi: lenzi milimita 6, geti linatazama mashariki, WDR 120. Mkewe akatoka jikoni kutuuliza tunapima shamba la nani.